Maswali yenu ya wikiendi: tiketi umeshalipia, chumbani umekaa na nani?

Meseji zimejaa, wiki hii nimechukua za wanafunzi wa Ujerumani tu maana nyie ndo mnaoandika sana, na ndo mnaorudia maswali sana. Wa Poland na Uholanzi mnivumilie.

Dada shikamoo. Hivi hii Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya nchi nzima, inapanda ICE, zile treni za kasi? Niko Magdeburg, nataka kwenda Munich Jumamosi nirudi Jumapili.

Marahaba. Haipandi. Wala IC, wala FlixBus. Ni treni za mkoa za RE na RB, S-Bahn za mjini, tramu na mabasi ya mjini, basi. Hili swali ni la nne mwezi huu na jibu limeandikwa kwenye masharti uliyoyabonyeza "nakubali" bila kusoma. Munich kwa treni za mkoa unakaa kitako siku nzima, unafika miguu imevimba halafu unaanza kutafuta ya kurudi. Nenda Wernigerode, ni saa moja na kidogo tu kutoka hapo ulipo, ina milima na nyumba za mbao utazipiga picha mpaka simu ilie.

Simu ilizima chaji, mkaguzi akaingia, akanipiga faini ya yuro 60. Tiketi ninayo nimelipia! Huu si ubaguzi?

60 ni bei ya kila mtu, hata mjukuu wa Bismarck. Tiketi isiyoonekana ni sawa na haipo. Ila kwa kuwa yako ina jina lako, chaji simu, nenda kaunta yao na kitambulisho ndani ya muda ulioandikwa kwenye ile karatasi, faini itashuka mpaka kama yuro 7 hivi. Usiiweke droo ukasubiri ijiishie, haijiishii, inazaa. Na ubaguzi upo, sikudanganyi, nimeshaona mkaguzi anaruka viti sita anakuja kwangu moja kwa moja kama tuna ahadi, lakini hilo neno litunze kwa siku kama hiyo, usilimalizie kwenye chaji. Nunua pawabenki.

Habari dada. Nina kadi ya ukaazi ya Ujerumani. Naweza kwenda Prague, Paris na London bila viza?

Prague na Paris ndio, London hapana. Uingereza haijawahi kuwa Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hata ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, na Ireland vilevile. Uswisi haimo kwenye Umoja ila Schengen imo, kwa hiyo nenda. Una siku 90 ndani ya kila siku 180 za kuzurura nchi nyingine za Schengen, zinakutosha.

Sasa hujaniuliza lakini nakwambia: PASIPOTI. Kadi peke yake haitoshi, unabeba vyote viwili, vile halisi, sio picha kwenye simu. Tangu Septemba 2024 Wajerumani wamerudisha ukaguzi kwenye mipaka yao yote ya nchi kavu, na mimi yalinikuta hata kabla ya hapo. Narudi toka Prague usiku na basi, kadi ipo kwenye pochi, pasipoti nimeiacha chumbani kwenye droo chini ya kanga ili isipotee, si unajua akili zetu. Polisi wawili wakapanda na tochi, wanakusanya karatasi za watu, kufika kwangu yule wa kike akaigeuza kadi mbele nyuma akauliza pasipoti iko wapi, nikamwambia iko chini ya kanga. Ndivyo nilivyosema, unter dem Tuch, Kijerumani changu kilikuwa kimeishia hapo. Nikashushwa. Dakika arobaini nimesimama kwenye baridi wananitafuta kwenye kompyuta yao na basi zima linanisubiri, nilivyopanda tena bibi mmoja akavuta mkoba wake kifuani kama mimi ndo nimeiba kuku wa kijiji.

Na nyie ambao kadi imeisha mnatembea na ile karatasi ya muda, msivuke mpaka wowote kabla hamjaiuliza ofisi ya wageni. Msiniulize mimi, mimi sio ofisi ya wageni.

Dada nimepata kazi ya kuosha vyombo hotelini, Ijumaa hadi Jumapili, masaa manane kila siku, mwaka mzima. Wenzangu wananiambia nitembee kidogo lakini nyumbani wananitegemea. Nikubali?

Boksi halina aibu, wengi wetu tumesomeshwa na boksi. Ila piga hesabu kwanza. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, na ukizidisha saa nne hiyo siku inahesabiwa nzima. Siku zako tatu mara wiki 52 ni 156. Umeona? Ipo na hesabu nyingine ya kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki, ila wewe una 24. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni wakupangie vizuri kabla hujasaini, maana hoteli itatafuta muosha vyombo mwingine Jumatatu, wewe kibali hupati kingine Jumatatu. Na ulizia kazi za chuo chenyewe, za maktaba na maabara, zile haziingii kwenye hizo siku 140.

Kuhusu nyumbani, waelezeni jamani. Zile yuro 992 zinazotoka kila mwezi kwenye Sperrkonto, ile akaunti iliyofungwa ya viza, sio mshahara, ni hela yako mwenyewe, zile 11,904 mlizochangiwa mpaka shangazi akauza kiwanja, zinarudi kwako kidogo kidogo ulipe chumba na bima. Mtu anaona "kila mwezi naingiziwa" anaanza kutuma ya harusi, ya bati, ya mtoto wa jirani, mwezi wa pili anakula makaroni na chumvi. Kubali siku mbili kwa wiki na wikiendi moja ya mwezi usiguse sahani ya mtu.

Shikamoo dada. Nina miezi mitano Chemnitz. Najua darasa, duka la Lidl na chumba changu. Nyumbani wanadhani nakula bata. Wikiendi nalala mpaka saa nane mchana, nikiamka nasikia kulia. Rafiki sina, hela ya kusafiri sina. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Wewe njoo tukae.

Kwanza hiyo hela ya kusafiri angalia kama hujailipa tayari. Vyuo vingi siku hizi hiyo Deutschlandticket imo ndani ya ada ya muhula, ile ambayo mtaani ilianza yuro 49 Mei 2023, ikapanda 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026, mwanafunzi anaipata kwa asilimia 60 tu ya bei hiyo. Ipo kwenye simu yako inaoza. Nimewaambia watu hili mpaka nimechoka, mtu analia hana hela ya kwenda Paris kupiga picha mnara, na treni iliyolipiwa inapita nyuma ya hosteli yake kila saa.

Jumamosi weka alamu saa moja asubuhi. Usifikirie, vaa. Panda RE3 mpaka Dresden, kama saa moja, hapo chukua S1 inayofuata mto Elbe, kaa upande wa kushoto, shuka Kurort Rathen. Ukitoka stesheni unateremka mpaka mtoni, hakuna daraja, kuna pantoni, na hiyo pantoni haina injini. Mimi nimezaliwa Tanga nikasomea Dar, pantoni ninayoijua mimi ni ya Kigamboni, honi, moshi, watu wanakimbia na ndoo za samaki. Hii imefungwa kwa waya mrefu uliotiwa nanga mtoni, upande maji yanakotoka, nahodha anaikalisha upande kidogo tu na maji yenyewe yanaisukuma ng'ambo, kimya, unasikia watu wakimenya mayai. Nilienda mara ya kwanza Novemba peke yangu na chapati mbili kwenye foili, hali yangu haikuwa mbali na yako, nikavuka, nikarudi, nikavuka tena. Nauli ni kidogo, beba sarafu.

Ng'ambo unafuata ngazi mpaka Bastei, kuna daraja la mawe la mwaka 1851 limepita kati ya majabali, na mto upo chini mita 194, huingii kwa kiingilio. Utaona kitu, Wajerumani haohao wanaokutazama kama kiti kwenye tramu, njiani mlimani wanasalimia, kila mmoja, hadi watoto. Itikia. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo utakuwa umesikia sauti yako.

Ukirudi jiandikishe michezo ya chuo, wana makundi ya kutembea milimani kwa bei ya soda, rafiki hapatikani kwa kumtafuta kama funguo, anapatikana mkiwa mnapanda kitu mnahema wote. Na huko kulia kukipita wiki mbili, Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, wana washauri wa bure, kazi yao ni hiyo, wamezoea, hawatapiga simu kwenu. Giza la Desemba jua linazama saa kumi jioni linamwangusha hata mwenyeji. Niandikie ukifika Rathen, nataka picha ya pantoni, sio yako.

Ugali jamani?

Afroshop, duka la vyakula vya Kiafrika. Ukikosa, semolina. Ile polenta ya chenga chenga acha, ni kula mchanga. Na dagaa usikaange hosteli dirisha limefungwa, king'ora cha moshi kikiita zimamoto bili inakuja kwako.

Mdogo wangu na mumewe wanakuja Leipzig wikiendi. Tutumie tiketi yangu wote watatu?

Hapana, hiyo ni yako peke yako. Wakatie Sachsen-Ticket, tiketi ya siku moja ya treni za mkoa, inabeba hadi watu watano na inaingia Thüringen na Sachsen-Anhalt pia. Wikiendi inaanza usiku wa manane mpaka saa tisa usiku wa kesho yake, siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi. Majina yao UYAANDIKE juu yake. Na wafanye manunuzi Jumamosi, Jumapili maduka yamefungwa, utawalisha wageni biskuti za stesheni.

Dada na wewe wikiendi hii uko wapi?

Jumamosi nafua, maana nikiwasha mashine Jumapili jirani wa chini anagonga dari na ufagio.