Kosa ni maji ya chumvi, si chaja peke yake

Ndugu yangu, umesema ulitaka kusafisha shaba kwa umeme, ukatumbukiza nyaya chakavu na vidoti vya kontakta (vile vya kugusanisha umeme ndani ya swichi kubwa) kwenye maji ya chumvi, ukafunga chaja ya volti 12, ukaambulia tope la kijani. Chumvi ndiyo iliyokuharibia. Isitoshe, inaweza kutoa klorini, na hiyo ukiivuta chumbani utajuta.

Tumia mrututu (salfeti ya shaba), ule wa buluu, ulioyeyushwa kwenye maji yenye asidi ya betri kidogo. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume. Shaba chafu ifunge upande chanya, na kibati chembamba cha shaba safi upande hasi. Volti 12 ni nyingi mno. Nusu volti inatosha. Ampea 1 hukupa takriban gramu 1.2 za shaba kwa saa, kwa hiyo mwenye haraka atafute kazi nyingine. Ukiona shaba inaota kama unga mwekundu unaopukutika ukiugusa, umeme umezidi.

Madini ya fedha yaliyomo kwenye shaba chafu hayahamii kwenye kibati pamoja na shaba, hudondoka chini kama tope jeusi. Vika shaba chafu mfuko wa kitambaa ulinase.

Vile vidoti vya kontakta vitoe kabisa. Vingi vina kadimiamu, na moshi wake ukivichoma ni sumu kali. Mimi ningeviuza jinsi vilivyo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayejua madini ya fedha. Na maji ya mrututu usimwage mtaroni, yanaua samaki.