Barua kwa mwanangu: laleni hoteli ya kando ya barabara

Marahaba, mwanangu. Wajukuu zangu nibusie, na mkwe wangu mpe salamu nyingi.

Swali lako nimelipata. Mwisho wa Mei mnakwenda Japani, mtakodi gari Hiroshima, mvuke milima hadi Matsue kisha mwambae pwani ya kaskazini mpaka Tottori. Mkeo anataka kila usiku mlale ryokan, zile nyumba za wageni za kienyeji zenye bustani na chakula cha jioni cha visahani chungu nzima. Wewe unazikumbuka hoteli za kando ya barabara tulizokuwa tukikulaza enzi zile baba yako anasoma Saijo, kule karibu na Hiroshima, na unauliza: watoto watalala vizuri huko, au ule ulikuwa ubahili wetu tu?

Ubahili ulikuwepo, sikufichi. Posho ya mwanafunzi haikuwa na mchezo. Lakini hata leo, pesa ikiwa ipo na watoto wakiwa wa miaka tisa na minne, ningelala huko huko. Ryokan inadai adabu. Chakula cha jioni kina saa yake, kwa kawaida saa kumi na mbili au saa moja, na mkichelewa njiani mtu amesimama jikoni anawasubiri. Milango mingi ni ya mbao na karatasi, kidole cha mtoto kinapita. Kwenye mikeka ya tatami hata malapa hayakanyagi. Haya yote ni mazuri, na mtu mzima anayapenda, ila mtoto wa miaka minne aliyefungwa mkanda kutwa nzima adabu yake imekwisha tangu alasiri. Hoteli ya barabarani haikutazami. Unaegesha, unalipa kabla ya kulala, unapewa kadi ya mlango, basi.

Chumba ni kidogo, mwambie mkeo mapema asije akanuna mlangoni. Kitanda kinachoitwa cha watu wawili mara nyingi kina upana wa sentimita 140, na kwingine ni 120 tu. Mabegi mawili yakifunguliwa sakafuni hakuna pa kupita. Kwa hiyo begi moja la usiku liingie ndani, mengine yalale garini. Na bafu unalikumbuka? Unapanda kizingiti, unaingia kwenye kipande kimoja cha plastiki kilichofinyangwa kama beseni, ndani yake choo, sinki na hodhi fupi lenye kina. Bomba ni moja: shingo yake unaizungusha, ikielekea huku inajaza sinki, ikielekea kule inajaza hodhi. Baba yako alikuwa akilisifia kuliko mahekalu. Aina hiyo ya bafu ilibuniwa kwa ajili ya Hotel New Otani ya Tokyo, wakati wa kukimbizana na Olimpiki ya 1964, kwa kuwa mafundi hawakuwa na muda wa kujenga bafu moja moja kwa vigae. Mwogeshe mdogo humo, maji yakimwagika nje ya hodhi yanajiendea zake.

Kadi ya mlango, pale inapochomekwa ukutani, ndiyo inayowasha umeme wa chumba. Ukitoka nayo kwenda kufua, kiyoyozi kinazima na watoto wanaamka kwa joto. Omba kadi ya pili. Kufua utafua, maana karibu kila hoteli ya namna hii ina mashine za sarafu, na ndiyo sababu nasema nguo chukueni chache.

Asubuhi ndiyo niliyokuwa naipenda mimi. Kwenye saa kumi na mbili na nusu chumba cha chakula kinafunguliwa, na wa kwanza kwenye foleni ni mafundi wa barabara na wa umeme, suruali zao pana za kazi, malapa ya hoteli miguuni, kimya kabisa. Nje Hiace zao zimejipanga na ngazi juu. Kuna wali, supu ya miso, samaki wa kuchoma, saladi, na natto, yale maharage ya soya yaliyochachushwa yakawa na utelezi. Sijui kama unamkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akikoroga natto yake taratibu mpaka ikatoa povu, na wewe umesimama ubavuni kwake unamkodolea macho. Akakupa vijiti ukoroge. Ulikoroga na kukoroga, nyuzi zikavutika mpaka kwenye mkono wa shati lako, halafu ukakataa kuonja. Akacheka, akaila yeye. Ilipofika saa moja na kitu wote walikuwa wameondoka, chumba kimebaki chetu. Kwenye ryokan hungekutana na mtu kama yule.

Mayai yaangalieni. Mara nyingine kuna kikapu cha ya kuchemsha na kingine cha mabichi, ya kuvunjia juu ya wali wa moto, na kwa macho hayatofautiani. Soseji na vipande vya nyama vyekundu hesabu ni nguruwe mpaka uhakikishe. Jifunzeni kuisoma alama 豚, nayo ni nguruwe, na 酒, nayo ni pombe. Mirin, ambayo ni mvinyo mtamu wa mchele, inaingia katika michuzi mingi hata ya samaki, hapo kila mtu na dhamiri yake. Sisi tulishika wali, yai, samaki wa chumvi na matunda, na usiku onigiri za samaki, yale matonge ya wali, kutoka maduka ya Lawson au Seven-Eleven. Kibla iko magharibi, ukikaza kidogo kuelekea kaskazini.

Hoteli nyingine zina bafu kubwa la pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao, na wote watupu, hakuna nguo ya kuogelea. Mkubwa wako hawezi kuingia upande wa mama yake: mwongozo wa wizara ya afya yao tangu 2020 unaweka mpaka kwenye miaka saba. Sisi tulioga chumbani na hakuna aliyetuuliza kitu.

Sasa, kuna hoteli za kando ya barabara ambazo si za kwenu. Karibu na pale magari yanapotokea kwenye barabara za kasi utaona majengo yenye sura ya ngome za Ulaya, taa za rangi, na mapazia ya plastiki mlangoni mwa maegesho ili namba za magari zisionekane. Kibao cha nje kina bei mbili, 休憩 ya saa chache za kupumzika na 宿泊 ya kulala. Hizo ni gesti za wapenzi, na kwa sheria yao aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Uliwahi kulia kwa sababu hatukulala kwenye moja yenye minara ya waridi. Baba yako akasema imejaa.

Unapotafuta, angalia kwanza maegesho. Hoteli za karibu na stesheni huwa zinatoza gari, na nyingi zina mnara wa kuegesha wa mashine usiopokea gari lenye kimo cha zaidi ya mita 1.55. Sienta haiingii, Noah ndiyo kabisa. Unataka ile iliyo nje ya mji, yenye uwanja mpana usio na malipo. Kampuni nyingi haziwatozi watoto wa shule ya msingi wanaolala kitanda kimoja na mzazi, ila idadi yao lazima uiandike wakati wa kuweka nafasi. Usiwapitishe kimyakimya, wenzetu wanahesabu vichwa kwa ajili ya moto, na mgeni asiye na anwani Japani anaonyesha pasipoti inakopiwa. Chagua 禁煙, chumba kisichovutiwa sigara. Kuna pia Family Lodge Hatagoya, iliyoiga moteli za Kimarekani tangu miaka ya 1990: vitanda viwili vipana, bei ni ya chumba, asubuhi mkate na juisi. Ukiikuta kwenye njia yenu, ichukue.

Kuingia ni saa tisa alasiri au saa kumi, kutoka mara nyingi saa nne asubuhi, na hawaongezi dakika. Muda wa katikati ni wa michi no eki, vituo vya barabarani vilivyoanza kusajiliwa rasmi 1993. Sasa vimepita 1,200 nchi nzima, kila kimoja kina maegesho ya bure na choo kinachofunguliwa saa 24, na vingi vinauza mboga na matunda ya wakulima wa hapo hapo. Msipitishe viwili bila kusimama. Kutoka Hiroshima hadi Matsue ni kilomita 180 hivi, Matsue hadi Tottori 125 hivi. Hapo katikati wapitisheni watoto daraja la Eshima, linalopanda kwa mwinuko wa asilimia 6.1 mpaka unadhani gari linaelekea mawinguni. Siku zetu halikuwepo, lilifunguliwa 2004. Kiti cha mtoto kwa mdogo ni lazima, sheria hiyo ilianza Aprili 2000 kwa walio chini ya miaka sita. Kwenye ramani ya gari andika namba ya simu ya hoteli tu, itakufikisha.

Wakati mmeuchagua vizuri. Sikukuu za mwanzo wa Mei zitakuwa zimepita, bei zimeshuka, na mvua za Juni bado. Epukeni tu Jumamosi usiku, hapo bei hupanda.

Na mkeo asikose kabisa. Usiku mmoja mpeleke Tamatsukuri Onsen, nje kidogo ya Matsue, na muombe ryokan yenye bafu la kukodi kwa familia peke yenu. Siku hiyo msiendeshe mbali. Fikeni saa tisa, watoto walale kidogo kwanza ndipo mkae kwenye chakula.

Baba yako yuko hapa nyuma ananisimamia. Anasema leseni ya Uingereza peke yake haitoshi, uchukue kibali cha kimataifa cha mkataba wa Geneva wa 1949, si kile kingine, na uwe na karatasi yenyewe mkononi siku ya kuchukua gari. Pia anataka umletee brosha ya Noah mpya. Mimi niletee chai ya shayiri, ile ya kupika.

Mama