Timu Moja, Mabara Matatu: Maswali Yenu na Majibu

Safari hii nimechagua maswali ya wanafunzi wanaotengeneza programu pamoja na wenzao wa vyuo vya nje.

Tuko Dar es Salaam, wenzetu wako Munich na Toronto. Kikao chetu ni saa 12 jioni, lakini mwezi Machi kila mtu aliingia kwa wakati wake. Kwa nini?

Toronto husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ujerumani Jumapili ya mwisho, na sisi hatusogezi kabisa. Andikeni muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia isiyosogezwa. Saa 12 jioni yenu ni 15:00 UTC mwaka mzima.

Mwenzetu yuko kimya siku ya nne. Tumshitaki kwa mwalimu?

Bado. Mwandikieni kwanza faraghani: "Umekwama wapi?" Mkiwa mbali hamwoni kwamba umeme umekatika, bando limeisha au ana mtihani. Mnaona ukimya tu, na upesi mnauita uvivu. Hili linaniuma, kwa sababu wanaoonewa zaidi ni wenye intaneti dhaifu: wanafanya kazi na hakuna anayejua. Kubalianeni kwamba kila mmoja ataandika mistari mitatu mara mbili kwa wiki: nimemaliza nini, nashika nini, nini kimenikwamisha. Ujumbe huo hauli bando. Atakayekwama aseme siku hiyohiyo, asisubiri kikao.

Kiingereza changu cha kuongea ni kizito, vikao vya video vinanipita.

Omba ajenda siku moja kabla, kisha tuma maoni yako kwa maandishi. Huombi upendeleo: watengenezaji wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, waliotapakaa duniani kote, hadi leo hujadiliana zaidi kwa barua pepe.

Maamuzi yetu yote yako WhatsApp. Kuna ubaya?

Upo. Salamu na dharura zibaki huko. Uamuzi wa kiufundi na sababu yake viandikwe GitHub, mtandao mnakohifadhi msimbo wenu, kando ya kazi inayohusika.

Wiki ya mwisho, sehemu yetu na ya Munich zimekataa kuungana.

Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika kwamba mfumo hufuata mkondo wa mawasiliano ya waliouunda. Kama hamkuelewana mapema kuhusu muundo wa data, programu zenu zitaelewana vipi? Mradi ujao, wiki ya kwanza kabisa, unganisheni kitu kidogo: mtumiaji ajisajili, jina lifike kwenye hifadhidata. Kwa sasa, kaeni wawili wawili mtandaoni, mmoja wa kila upande, mpitie kila mahali data inapovuka. Anzeni na tarehe na sarafu.