Umeitwa kwenye timu ya staa? Soma kwanza yaliyowakuta wana wa Elvis

Juzi kuna dogo wa Mwanza kanitumia meseji. Ana kibanda cha simu pale Kirumba, anauza makava na chaja, anabadilisha vioo, maisha yanaenda. Sasa kuna msanii mkubwa alienda kule kwa shoo, simu yake ikapasuka kioo, dogo akamtengenezea usiku usiku hotelini, wakazoeana, na jamaa wakati anaondoka akamwambia "mwanangu njoo Dar, uwe kwenye timu." Dogo ananiuliza, kaka nije au nisije, nifunge kibanda? Nilitaka kumjibu inbox lakini najua mko wengi mnaoota hiyo ndoto, wacha niandike hapa wote msome.

Mimi maisha hayo nimeyaishi. Nimekaa karibu na msanii ambaye nyimbo zake mmezicheza kwenye send-off zenu, nimebeba mabegi yake, nimelala sebuleni kwake, nimemzuilia mashabiki mlangoni, na watu mtandaoni walikuwa wananiita chawa na nilikuwa nacheka tu kwa sababu chawa anapanda ndege na wewe unayemtukana uko kwenye mwendokasi umebanwa. Kwa hiyo sikuandikii kwa kusikia.

Kipindi kile kwenye safari ndefu za basi nilikuwa nasoma sana habari za Elvis Presley, yule mfalme wa rokenroli wa Marekani. Nyimbo zake hata sizifuatilii kihivyo, nilichokuwa natafuta ni habari za washkaji zake. Jamaa alikuwa na kundi la wana linamzunguka saa 24, magazeti yakawabatiza Memphis Mafia, maana walikuwa wanatembea na suti nyeusi na miwani kama majambazi wa sinema. Kulikuwa na Red West aliyesoma naye sekondari ya Humes pale Memphis, tena ndiye aliyemkingia kifua watoto wa shule walipotaka kumnyoa zile nywele zake. Kulikuwa na Sonny West, binamu yake Red. Joe Esposito na Charlie Hodge aliwapata jeshini, Joe akawa kama kiongozi wa kundi, anapanga safari na hela, na Charlie, mpiga gitaa, ndiye yule unayemuona stejini anampa maji na skafu za kurushia wadada. Halafu na mabinamu, na marafiki wa mtaani. Ukisoma unajiona kabisa, kila timu ina Red wake na Joe wake na Charlie wake, mimi nilikuwa Charlie bila gitaa.

Starehe ipo, nisiwadanganye. Elvis alikuwa anakodi jumba la sinema la Memphian usiku wateja wakishatoka, anaingia na wana wake wanaangalia filamu mpaka alfajiri, siku nyingine anakodi uwanja mzima wa mabembea wapande wao tu. 1975 aliingia duka la magari Memphis akanunua Cadillac 14 siku moja akagawa, moja akampa mama mmoja asiyemjua kabisa aliyekuwa amesimama anaangalia gari lake. 1976 akawapakia watu kwenye ndege yake usiku kutoka Memphis mpaka Denver kufuata mkate wa siagi ya karanga, jamu na bekoni. Mkate! Wakala wakarudi.

Sasa sikiliza hapa dogo. Mishahara ya wale jamaa ilikuwa midogo. Magari walipewa, saa walipewa, cheni za dhahabu zenye herufi TCB (Taking Care of Business, yaani tunashughulikia kazi) na alama ya radi walivalishwa shingoni, na mwenzao Jerry Schilling alinunuliwa nyumba kabisa, ila mshahara wenyewe wa kuishi ulikuwa wa kubanabana. Na huo ndio mtego wenyewe, kwa sababu zawadi bosi anatoa siku akijisikia vizuri na mbele ya watu, mshahara unadaiwa hata akiwa amenuna. Mimi bosi alinivalisha pamba za bei ambayo baba yangu angezimia akiisikia, simu mpya kila ikitoka, lakini siku mama yangu amelazwa nikaomba posho zangu za shoo za Kanda ya Ziwa, nikaambiwa "mwanangu si unajua hali ilivyo", usiku huo huo kalipia meza ya vinywaji Masaki na mimi ndiye niliyesimama nyuma ya kiti chake nikiwa nawaza nauli ya kwenda hospitali. Unauza simu aliyokununulia? Kesho atakuuliza iko wapi.

Kwa hiyo la kwanza, makubaliano yaandikwe. Hata kwenye karatasi ya daftari, wewe kazi yako nini, unalipwa shilingi ngapi, kwa wiki au kwa shoo. Akisema "sisi ni familia, mambo ya karatasi ya nini" basi ujue umeshajibiwa.

Na kuhusu hiyo familia. Mei 1, 1967 Elvis alimuoa mpenzi wake Priscilla kwenye hoteli ya Aladdin, Las Vegas. Chumba cha watu wachache, mipango yote ya meneja wake, Colonel Tom Parker. Esposito alisimamia, lakini wengi wa wale wana waliokula na kulala nyumba moja na bwana harusi miaka yote ile hawakuingia kwenye ndoa, na Red West ambaye alikuwepo toka enzi za shule ni mmoja wa walioachwa nje. Niliposoma hiyo nilikaa kimya muda. Harusi ya bosi wangu mimi niliiona kwenye status za watu, na suti aliyovaa nilienda kuichukua mimi kwa fundi Kariakoo, foleni ile, mvua ile. Basi.

Saa zako pia zinakuwa sio zako. Elvis alikuwa analala mchana anaamka jioni, na Graceland, jumba lake, nzima inafuata saa zake. Huku kwetu ni hivyo hivyo. Mchumba wangu alivumilia, sijui alivumiliaje, ndiyo mke wangu sasa hivi.

La pili ambalo naliona kubwa kuliko yote, ukishakula mkononi mwa mtu huwezi kumwambia hapana. Rekodi zilizokuja kuchunguzwa baadaye zilionyesha daktari wake Elvis alimwandikia dozi zaidi ya 10,000 za dawa ndani ya miezi ya 1977 aliyoishi. Nyumba imejaa marafiki! Red na Sonny wanasema wao walijaribu kuwafukuza waliokuwa wanamletea dawa. Julai 1976 baba yake Elvis, mzee Vernon, akawafuta kazi wao na mwenzao Dave Hebler, sababu iliyotajwa ni kubana matumizi, wakapewa mshahara wa wiki moja. Red alikuwa naye miaka kama 20. Elvis mwenyewe hakuwaambia kitu uso kwa uso. Wakatoa kitabu wakaanika kila kitu, kikatoka Agosti 1977, na tarehe 16 mwezi huo huo Elvis akafariki, miaka 42. Watu mpaka leo wanawaita wasaliti. Mimi siwaiti hivyo, na sababu ninayo.

Na mimi niliondolewa kwa meseji, tena sio ya bosi, ya meneja mpya. Ila wakati huo nilikuwa nimeshakaa sana na fundi mitambo wa bendi, mzee mmoja mkali, ananifundisha mixer, ile mashine ya kuchanganya sauti, wenzangu wakiwa wanapiga selfie, wananicheka eti naenda kubeba nyaya. Leo nina spika zangu, nina vijana nawalipa kila Jumatatu, na Jumamosi kunipata mpaka uniwahi. Jerry Schilling naye alianza kuwa karibu na Elvis ana miaka 12, mpira wa mtaani tu 1954, lakini akajifunza kuhariri filamu, akatoka akafanya yake, mpaka akawa meneja wa bendi ya Beach Boys. Red mwenyewe alikuwa anaandika nyimbo na kuigiza, ndiyo maana hakufa njaa. Kuwa na ujuzi jamani. Sio "niko na bosi". Ujuzi!

Dogo, ukitaka kuja njoo, huu mji sio wangu. Ila kibanda usifunge, muachie mdogo wako akishike, na vifaa vyako vya kutengenezea simu njoo navyo kwenye begi, hiyo timu nzima ina simu na zinapasuka kila wiki, uwatoze hela kama wateja wengine, bosi akiwemo.

Na nyie mtakaokuja kuniuliza ni msanii gani, msijisumbue, sitasema.