Fangasi zinazorudi: maandazi hayana kosa

Pole mdogo wangu. Umesema fangasi za ukeni zimekurudia mara 4 mwaka huu, na jirani yako huko Mbagala amekupiga marufuku mkate, maandazi na matunda yote. Maandazi tuyatetee kwanza. Fangasi wako kwa kawaida ni Candida, ambaye huishi mdomoni, tumboni na ukeni hata kwa mwenye afya njema. Hamira ya kuumulia maandazi ni fangasi wa jamii nyingine kabisa, tena hufa kwenye mafuta ya moto.

Sukari ya kuihofia zaidi ni ile iliyozidi kwenye damu. Kisukari kisichodhibitiwa humnenepesha Candida, kwa hiyo kapime sukari, na VVU pia. Halafu jiulize: ulimeza antibayotiki karibuni? Sisi wa Dar kikohozi kidogo tu tuko duka la dawa, na dawa hizo huua bakteria wazuri wanaomzuia.

Kwenye sahani, punguza soda na juisi ya miwa. Kula dona, dagaa, matembele. Embe moja halikudhuru. Mtindi usio na sukari kunywa ukipenda, ingawa ushahidi kwamba unatibu ni hafifu. Kunywa, nimesema, usipake! Kitunguu saumu nacho kibaki jikoni, huko chini kinaunguza.

Mara 4 si ya kujitibu tena; nenda hospitali wakuchukue kipimo cha ute wa ukeni. Kama una mimba sema mapema, maana flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, huepukwa, hutumika klotrimazoli ya kuweka ukeni.