Kuhusu wahusika wanaozungumza na kamera katika filamu ya Xiao Hong

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kasoro kwamba wahusika wa filamu ya The Golden Era hugeuka na kuzungumza na kamera. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye nguvu yake. Filamu hiyo ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Ann Hui, inahusu maisha ya mwandishi Xiao Hong, aliyezaliwa Hulan, kaskazini-mashariki mwa China, mwaka 1911, na kufariki Hong Kong mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 30 tu, mji ukiwa umekwisha kutekwa na Wajapani. Kwa kuwa mengi tunayoyajua juu yake yametoka kwa watu waliomfahamu, ambao kumbukumbu zao hazipatani, hasa kuhusu kuachana kwake na mwandishi mwenzake Xiao Jun, mwongozaji anawaacha watoe ushahidi wao bila kutuamulia nani msema kweli. Huo ni uadilifu mkubwa kwa marehemu. Ninachokisikitikia ni kwamba, katika takriban saa tatu, mapenzi na dhiki vimepewa nafasi kubwa kuliko kalamu yake, ingawa Tang Wei, anayeigiza nafasi ya Xiao Hong, ameigiza kwa utulivu wa kupendeza.