Maswali ya Wasomaji: Kutoka Mikindani hadi hema la Monte-Carlo

SWALI: Mimi na mume wangu tunalima korosho. Tumeweka akiba twende Monaco mwezi Januari kutazama Tamasha la Kimataifa la Sarakasi la Monte-Carlo. Tuanzie wapi, na tukate tiketi za siku gani? – Mama wa watoto wawili, Mikindani

JIBU: Mama, anzeni na viza. Kuingia Monaco mnaomba viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) kwa Wafaransa, na alama za vidole zinawataka mfike Dar es Salaam wenyewe. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Ada ni euro 90 kila mmoja, wala hairudishwi mkinyimwa. Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000.

Mkulima wa korosho hukwamia kwenye taarifa ya benki. Miezi yote akaunti ina vijisenti, halafu mnada ukishapita mamilioni yanaingia kwa mkupuo. Ofisa asiyeijua korosho huhisi ni fedha ya kuazima, imewekwa kupamba akaunti. Ambatisheni hati za malipo za AMCOS, chama chenu cha ushirika wa wakulima, zenye kilo, bei na tarehe, za msimu huu na uliopita, zikiwa na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa. Msiziache nyumbani!

Tiketi sasa. Wanaoshindana hugawanywa katika maonyesho mawili tofauti ya mchujo, kwa hiyo mwenye tiketi moja ameona nusu tu. Kateni zote mbili, na usiku wa kutoa tuzo za Klauni wa Dhahabu, Fedha na Shaba uacheni kama fedha ni ya kubana. Kaeni safu za kati, mkitazamana na pazia wanakotokea wasanii. Mbele kabisa mtaumia shingo wakipanda wa bembea.

Laleni Nice, mji wa Ufaransa ulio jirani, ambako hoteli ni nafuu kuliko Monaco na treni ni kama nusu saa. Jueni saa ya treni ya mwisho kabla ya kukata tiketi ya usiku. Makoti mazito ni lazima.

Na mkishakaa, mtazameni mtu wa chini. Msanii akisimama kichwa kwa kichwa juu ya mwenzake, kama wafanyavyo Ramadhani Brothers wetu, macho ya watu hukimbilia juu. Kumbe msawazo anautafuta wa chini, kwa shingo na kwa hatua fupi fupi za miguu. Wa juu kazi yake ni kukakamaa kama mlingoti. Akianza naye kujirekebisha, wanarekebisha wawili kwa mpigo, kila mmoja upande wake, na hapo ndipo wanapoanguka.

SWALI: Kikundi chetu cha sarakasi kinaweza kushindana huko? – Kijana, Lindi mjini

JIBU: Monte-Carlo wasanii hualikwa. Nyie jaribuni Paris, kwenye tamasha la Festival Mondial du Cirque de Demain, linalotafuta vijana tangu 1977 na hupokea maombi kwa video. Rekodini onyesho zima bila kukata, kamera ikiwa imetulia juu ya kigoda, miguu na vichwa vyote vikionekana. Video iliyounganishwa vipande vipande humfanya mwamuzi ashuku kwamba mlianguka katikati. Semeni pia piramidi yenu ina urefu wa mita ngapi na mnahitaji mkeka wa ukubwa gani.